Mahindi Yashuke Kutoka Darini

Katika nyumba nyingi za Usambara Magharibi, sehemu yenye mali kuliko zote haina kochi wala kitambaa cha kufuma. Ni dari ya jikoni: fito zilizopangwa juu ya mafiga, mahindi yamelala hapo na maganda yake, mengine yamefungwa mafungu na kuning'inizwa kwenye boriti, yamekuwa meusi kwa masizi. Moshi unapanda kutwa. Unakausha punje, unawasumbua wadudu, unaihifadhi mbegu ya msimu ujao.

Waliobuni mpango huu waliijua milima yao. Mji wa Lushoto uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Shume iko juu zaidi. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu unaweza kukaa bondeni mpaka saa nne asubuhi, na usiku joto hushuka kiasi cha watu kulala na sweta. Mahindi yaliyovunwa wakati kama huo hayawezi kuanikwa uani kama yanavyoanikwa kule Mombo au Korogwe, ambako jua la siku chache linatosha. Moshi wa jikoni ndio uliokuwa kikaushio cha mlimani, na haukugharimu kitu zaidi ya kuni ambazo zingewashwa hata hivyo.

Lakini dari hiyohiyo inamlisha panya. Na chini yake, au chumba cha pili kilichotengwa na ukuta usiofika juu, wanalala watu. Anayetaka kuiboresha nyumba ya mlimani aanzie hapo, kabla ya rangi na kabla ya makochi mapya: atenganishe vitu vitatu vilivyozoea kukaa pamoja, yaani chakula, moto na malazi. Mengine yote yatapata nafasi yake baada ya hapo.

Lushoto ililipa gharama kubwa kulijua jambo hili. Mwaka 1980 tauni ilizuka wilayani, na ikaendelea kurudi kwa zaidi ya miaka 20, hasa katika vijiji vya upande wa kaskazini kama Shume, Mlalo na Mtae. Waliougua walipita 7,000, na mamia walifariki. Watu wengi duniani wanaihesabu tauni kuwa ugonjwa wa vitabu vya historia, ule ulioifyeka Ulaya katika karne ya 14. Kwa familia za Usambara ulikuwa ugonjwa wa jirani, wenye mitoki kinenani na kwapani, na homa iliyomlaza mtu mwenye nguvu zake ndani ya siku chache.

Vijidudu vya tauni huishi kwa panya na wanyama wengine wadogo, na viroboto ndio wanaovihamisha. Kwa hiyo wataalamu waliokwenda kuchunguza, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichopo Morogoro, hawakuishia msituni na mashambani. Waliingia ndani ya nyumba, wakatazama watu wanalala wapi na chakula kimewekwa wapi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 katika jarida la Emerging Infectious Diseases uliwahesabu viroboto waliokamatwa ndani ya nyumba za vijiji vya Lushoto. Aliyekuwa mwingi kuliko wote ni kiroboto wa binadamu, Pulex irritans, na alionekana kwa wingi zaidi katika vijiji vilivyosumbuliwa sana na tauni. Kiroboto huyo hana haja ya kukaa mwilini muda wote. Mayai yake huanguka sakafuni na mabuu yake hukulia kwenye vumbi, kwenye nyufa za udongo, chini ya mikeka na matandiko yasiyoanikwa.

Hapo ndipo mpangilio wa nyumba unapogeuka kuwa suala la uhai. Gunia la mahindi likiegemezwa ukutani chumba cha kulala linamwita panya. Panya anakuja na viroboto wake. Mtoto anayelala kwenye mkeka juu ya udongo mtupu yuko nao uso kwa uso. Tauni haisikiki Lushoto kama ilivyosikika zamani, ila panya hajahama, na hasara anayoleta kwenye chakula peke yake inatosha kumfanya mtu apange nyumba upya.

Kushusha mahindi kutoka darini kunahitaji kwanza uhakika kwamba yamekauka. Hilo ndilo gumu la mlimani, na ndipo kaya nyingi zinapokata tamaa na kurudia moshi. Kinachosaidia ni kichanja cha kukaushia kilichoinuliwa kiunoni, kikaezekwa nailoni nyeupe inayopitisha jua na kuzuia manyunyu, pande zake zikaachwa wazi ili upepo upite. Mahindi yakimenywa na kutandazwa tabaka jembamba, yakigeuzwa mara kadhaa kwa siku, upepo wa Usambara unafanya kazi ambayo jua peke yake lisingeimaliza. Turubai lililotandikwa moja kwa moja ardhini halitoshi, kwa sababu unyevu wa ardhi unapanda na umande unashuka.

Kuna kipimo cha ukavu ambacho kila nyumba inaweza kukifanya kwa chupa ya soda yenye kifuniko na chumvi ya jikoni. Chumvi ikaangwe kidogo au ianikwe mpaka iwe kavu kabisa, isigandamane. Chupa nayo iwe kavu. Mtu anatia mahindi hadi robo au theluthi ya chupa, anaongeza vijiko viwili vitatu vidogo vya chumvi, anafunga, anatikisa kwa dakika moja, kisha anaiacha itulie kwa robo saa. Baada ya hapo anaiinua kwenye mwanga. Chumvi ikiwa imeganda kwenye kuta za chupa kama vumbi lililoloa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15 na yarudi kichanjani. Ikiwa imeanguka yote chini na kuta za chupa ziko safi, yamekaribia. Kwa kuhifadhi muda mrefu yanahitaji kufika asilimia 13 hivi, kwa hiyo siku moja au mbili zaidi za upepo si kazi ya bure. Mahindi yaliyowekwa na unyevu hupata kuvu, na kuvu fulani hutoa sumu inayoitwa sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Mahindi makavu yakishapatikana, yanaweza kukaa bila moshi. Mifuko inayojulikana kama kinga njaa ina matabaka mawili ya nailoni nzito ndani ya kiroba cha kawaida. Mfuko unajazwa, hewa inakamuliwa, kila tabaka linasokotwa, linakunjwa na kufungwa kwa kamba peke yake. Wadudu waliobaki ndani wanamaliza hewa ya oksijeni na kufa, hata dumuzi, yule mdudu aliyeonekana Tabora karibu na mwanzo wa miaka ya 1980 na wakulima wakamwita Skania, kama lori. Hakuna dawa ya kuchanganya na chakula. Masharti ni mawili tu: mfuko usitobolewe, na usifunguliwe kila siku. Kaya yenye magunia matano inafungua moja na kuyaacha manne yakiwa yamefungwa.

Panya akitoboa, kazi yote imeharibika. Hivyo mifuko isikae sakafuni wala isiguse ukuta. Kitako cha mbao kinatosha, na Usambara haina shida ya mbao za namna hiyo: viwanda vya kupasua magogo karibu na Shume na Magamba hutoa mabanzi, vile vipande vya pembeni vyenye magome, ambavyo ni nafuu kuliko ubao ulionyooshwa. (Enzi za Wajerumani mbao za mwangati kutoka Shume zilishushwa hadi Mkumbara, kwenye reli, kwa waya wa angani. Misitu hiyo imepungua sana, na leo sehemu kubwa ya mbao zinazouzwa ni za miti ya kupandwa.) Kati ya mifuko na ukuta iachwe nafasi ya mtu kupita na fagio. Panya anapenda njia iliyofichika kandokando ya ukuta. Ikiwa wazi na kufagiwa, kinyesi chake kinaonekana mapema, na paka naye anapita.

Mwenye uwezo wa kujenga ghala dogo nje ana suluhisho bora zaidi. Miguu ya ghala iwe mirefu, mita moja kutoka ardhini au zaidi, na kila mguu uvalishwe bati lililokunjwa kama faneli iliyoelekea chini, karibu na sakafu ya ghala. Panya anapanda mpaka hapo, anakuta utelezi na ukingo, anarudi. Kinga hiyo haina maana ghala likijengwa chini ya mparachichi au likigusana na paa la nyumba, maana panya ni mrukaji mzuri.

Neno moja la tahadhari kwa vijiji vilivyowahi kupata tauni. Panya wakionekana wanakufa ovyo bila kutegwa, wasishikwe kwa mkono na wasianze kuuawa kwa sumu kabla ya viroboto kudhibitiwa, kwa sababu kiroboto aliyepoteza panya wake humtafuta binadamu. Habari ifike zahanati siku hiyohiyo.

Mahindi yakiondoka darini, moshi nao unakosa kazi. Hili halisemwi vya kutosha na wanaokuja na majiko ya kisasa. Miaka mingi mama wa Usambara ameambiwa moshi ni mbaya, naye akaendelea kuuhitaji, kwa sababu dohani ikiutoa nje nani atalinda mbegu? Kila kitu katika nyumba ile kilikuwa kimeshikana na kingine. Ukibadili kimoja bila kukijibu cha pili, watu wanarudi walikotoka, na wana haki.

Ubaya wa moshi wenyewe hauna ubishi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, inayotokana zaidi na kuni, mkaa na mafuta ya taa, ilihusika na vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Serikali ya Tanzania imetaja takriban vifo 33,000 kwa mwaka nchini, na Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Gesi imefika Lushoto mjini, Soni, hata Mlalo. Katika vijiji vya ndani, ambako mtungi ukiisha unapandishwa mgongo wa kilima kwa bodaboda, kuni zitaendelea kwa miaka kadhaa, na kaya hizo hazipaswi kuachwa zikisubiri.

Jiko la udongo la kujengwa lenye matundu mawili na bomba la moshi linatengenezwa kwa vitu vilivyopo: udongo mwekundu wa mfinyanzi, mchanga, majani makavu yaliyokatwakatwa, tofali chache na bomba la bati. Lijengwe dhidi ya ukuta wa nje ili bomba liwe fupi. Mdomo wa bomba upite juu ya paa vya kutosha, vinginevyo upepo wa jioni unausukuma moshi urudi ndani. Masizi yatolewe kila mwezi. Bomba likiziba jiko linafuka na mwenye nyumba analilaumu jiko. Kuni zipasuliwe na kupangwa chini ya upenu zikauke kwanza, kwani kuni mbichi hutumia moto wake kuchemsha maji yaliyomo ndani yake. Maharage yakilowekwa usiku kucha yanaiva kwa kuni chache zaidi. Katika milima ambayo wanawake na watoto ndio wanaobeba mizigo ya kuni, kila mzigo unaopungua una uzito wake halisi.

Hata hivyo mafiga yalikuwa na kazi ya tatu, nayo ni kuwapa watu joto. Wajerumani walioita mji huu Wilhelmstal walijenga nyumba zenye meko ya sebuleni na dohani za mawe kwa sababu walisikia baridi ileile. Msambaa alikaa jikoni. Ukifunga moto ndani ya jiko la udongo, jioni ya Julai inakuwa ndefu. Jibu liko kwenye paa. Mabati yameshinda nyasi karibu kila mahali kwa uimara na kwa usalama wa moto, lakini bati tupu linapitisha baridi usiku, na alfajiri mvuke wa pumzi za waliolala unageuka maji juu yake na kudondoka matone kitandani. Dari inaponya yote mawili. Siyo lazima iwe jipsamu. Viroba vya salfeti vilivyofumuliwa, vikashonwa pamoja na kukazwa kwa fito, vinazuia baridi nyingi. Kinachotakiwa ni pembe zote kuzibwa vizuri, kwa sababu dari yenye mianya ni makazi mapya ya panya, na mahindi yameshushwa bure.

Mwanya kati ya ukuta na bati uzibwe kwa mabanzi na udongo, kisha tundu la hewa liachwe juu, lifunikwe wavu mgumu wa matundu madogo. Jambo moja lisifanyike kamwe: kuingiza jiko la mkaa chumba cha kulala na kufunga mlango. Mkaa unaonekana hauna moshi, lakini unatoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu, na inaua watu wakiwa usingizini.

Sasa malazi. Kitanda cha chaga chenye miguu mirefu kinamwinua mtu kutoka kwenye vumbi na kumpa kabati la bure chini yake. Uvungu ndiyo stoo ya nyumba ndogo, na ndiyo sehemu inayoharibika upesi kuliko zote: viatu vya shule vya mwaka juzi, jembe, begi la shangazi kaja lenye nguo ambazo hakuna anayezikumbuka. Uvungu uliojazwa hivyo haufagiwi. Maboksi mawili matatu ya mbao yenye mifuniko, yanayovutwa kwa kamba, yanabadilisha chumba, kwa sababu yanatoka kwa mkono mmoja na fagio linapita kila wiki. Fundi wa mtaani atayatengeneza kwa mabanzi yaliyopigwa randa. Blanketi na magodoro yaanikwe kila jua likitoka. Katika nyumba isiyo na tauni, kunguni na kuvu ni sababu tosha. Chandarua kibaki pia. Malaria ni kidogo Lushoto kuliko Korogwe, lakini ipo, na watu wa mlimani hushuka tambarare sokoni na mashambani na kurudi nayo.

Sakafu ya udongo iliyosiribwa vizuri ni nzuri kuliko saruji iliyopasuka. Lakini mwenye fedha kidogo ya saruji asiitumie sebuleni ili wageni waione. Aanze na chumba wanacholala watoto. Chumba cha mita 3 kwa 3, kikiwekwa zege ya sentimita 5 ya vipimo vya 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto), kinakula mifuko miwili hivi ya kilo 50, pamoja na mchanga na kokoto. Kiwanda cha saruji kiko Pongwe, karibu na Tanga, mkoa huuhuu. Wenye nyumba wengi wanaogopa gharama ya sakafu ya nyumba nzima na hawaanzi kabisa, wakati chumba kimoja kwa msimu mmoja wa viazi kinawezekana.

Jikoni na uani kuna vitu ambavyo maofisa afya wamevihubiri tangu enzi za kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza na kujadili, wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Kichanja cha vyombo ni kimojawapo, na hakijapitwa na wakati. Sahani zikikauka juani juu ya fito, zimeinuka kutoka kwenye kuku na mbwa, nafasi ndani ya nyumba inaongezeka na kitambaa kichafu cha kufutia hakihitajiki. Kibuyu chirizi mlangoni mwa choo, dumu la lita 5 lililotobolewa na kufungwa kamba ya kukanyaga, kinatumia maji kidogo mno. Rafu moja juu ya mlango, upana wa ubao mmoja, inabeba daftari, dawa na taa ya sola, vitu ambavyo kila siku hutafutwa na kila siku huangukia kwenye maji.

Kuta za udongo zinastahili heshima zaidi ya zinavyopewa. Mlalo kuna nyumba za udongo za ghorofa zenye roshani za mbao, na zimesimama katika mvua za mlimani. Ukuta wa udongo hauogopi mvua inayopita mbele yake; unaogopa maji yanayorudi. Matone ya paa yanapiga ardhi, yanaruka, yanakula kitako cha ukuta sentimita kwa sentimita. Msingi wa mawe uliopanda magotini, upenu mpana na kukandika kila baada ya masika vinautunza ukuta kwa miongo. Kubomoa na kujenga kwa tofali za kuchoma, zinazokula kuni nyingi katika tanuri, mara nyingi ni kutibu ugonjwa usio wenyewe. Wanaojenga upya wana njia nyingine: Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umeeneza mashine za kufyatua tofali za kufungamana za udongo na saruji kidogo, zisizochomwa.

Dawa kubwa ya kitako cha ukuta ni mfereji wa bati chini ya ukingo wa paa. Hesabu yake inashangaza. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba ya mita 6 kwa 8 ina paa la mita za mraba 48, kwa hiyo mvua ya mchana mmoja ya milimita 30 inamwaga lita 1,440 kutoka juu yake. Ukikusanya asilimia 80 unapata zaidi ya lita 1,150, ndoo 57 za lita 20. Kwa mwaka wenye mvua ya milimita 1,000, paa hilohilo linatoa zaidi ya lita 38,000. Bila mfereji, maji yote hayo yanachimba ukuta, na msichana anatumwa korongoni kuteka mengine.

Simtanki ni ghali, lakini pipa moja ni mwanzo. Maji ya dakika za kwanza yaachwe yamwagike yasafishe vumbi na kinyesi cha ndege. Pipa lifunikwe, mbu wasitage. Na jambo ambalo Usambara inalidai kuliko sehemu za tambarare: pipa likijaa, maji ya ziada yaelekezwe. Nyumba nyingi zimekaa kwenye kipande cha mlima kilichokatwa, ukingo nyuma na mteremko mbele. Maji yakiachwa yachague njia, yanaulainisha ukingo mpaka unamwagika ndani ya jikoni. Mfereji wa kuchepusha uchimbwe juu ya ukingo, na ukingo wenyewe upandwe majani ya guatemala.

Majani hayo yana historia yake hapa. Waingereza walipoanzisha mpango wa kuokoa ardhi Mlalo mwaka 1946, waliwalazimisha wakulima kuchimba matuta, kazi ngumu ambayo hawakuona faida yake jikoni. Watu waligoma, wakapinga, na mwaka 1957 mpango ukaachwa. Mradi wa SECAP, uliofanya kazi Lushoto tangu 1981 kwa ushirikiano na Wajerumani, ulikwenda kwa njia nyingine: guatemala na mabingobingo kwenye kingo, ng'ombe wa maziwa wa kufungiwa bandani wa kuyala, samadi irudi shambani. Ukingo ulioshikwa na mizizi ukawa pia chakula cha ng'ombe, na familia ikapata sababu ya kuutunza. Banda likijengwa upande wa chini wa nyumba, mkojo na samadi vinatiririka kuelekea migomba badala ya kuelekea kisimani, na mbu na nzi wanabaki mbali na jiko.

Kwa kaya ambayo haiwezi kufanya yote mwaka huu, mpangilio unafuata majira. Mfereji wa paa uwepo kabla ya masika ya Machi. Dari na kuziba mianya kumalizike Mei, kabla ya baridi. Kichanja cha kukaushia na mifuko vinunuliwe kabla ya mavuno, fedha ya karoti na kabichi ingali mkononi. Jiko lijengwe mahindi yakishashuka, lisitangulie. Kwa Jumamosi hii hakuna fundi anayehitajika: uvungu utolewe wote uani, matundu ya panya kando ya ukuta yatafutwe kwa tochi na kuzibwa kwa mawe, vipande vya chupa na saruji, na urefu wa paa upande unaomwaga maji mengi upimwe kwa kamba, ili siku ya soko mwenye nyumba ajue anahitaji bati ngapi.